Kabla Hujanunua Spea, Muulize Fundi: "Umejuaje?"

Gari langu la kwanza lilikuwa na ugonjwa wa Jumatatu. Wiki nzima linawaka vizuri, Ijumaa jioni naliegesha, Jumamosi na Jumapili siligusi, halafu Jumatatu alfajiri nikizungusha ufunguo nasikia ka-ka-ka-ka na taa za dashibodi zinafifia kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Jirani ananibusti kwa betri ya gari lake, injini inanguruma, na hadi Ijumaa nyingine nimeshasahau.

Fundi niliyempelekea alifungua boneti, akaitazama betri, akaigonga kwa kidole mara mbili. "Hii imekufa, bosi. Weka mpya." Nikaweka mpya. Jumatatu mbili zikapita salama, nikamsifu kwa kila aliyetaka kunisikiliza. Jumatatu ya tatu: ka-ka-ka-ka.

"Basi ni alteneta," akasema, kwa sauti ileile ya uhakika. Alteneta ndiyo inayoichaji betri injini ikiwaka. Sijui nini kilinisukuma siku ile, labda mfuko uliokuwa mtupu, lakini nilimuuliza: "Umejuaje?" Akanyamaza. Akaitazama alteneta, akanitazama mimi. Hakuwa amepima chochote. Alikuwa anabahatisha, na bahati nasibu yake nalipia mimi.

Tangu siku hiyo nimemiliki magari mengine mawili, yote nimeyanunua yakiwa yameshatumika. Nikipiga hesabu ya fedha zilizomezwa na magari hayo matatu, sehemu inayoniuma si ile iliyokwenda kwenye vitu vilivyoharibika. Gari lazima liharibike, hilo nililijua tangu naweka saini. Inayoniuma ni ile niliyolipa kung'oa vitu vizima na kuweka vingine vizima mahali pake.

Ugonjwa wa Jumatatu ulivyopona

Fundi umeme niliyemwendea baadaye hakushika spana kwa nusu saa ya kwanza. Alikuwa na mita tu, kile kidude chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Akaichaji betri ikajaa, akaniambia nirudi kesho yake, na asubuhi akaipima kabla injini haijawashwa: volti 12.6. Betri nzima iliyojaa husoma hapo. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, na ikishuka hadi 12.0 iko karibu kuwa tupu. Kisha akawasha injini na kupima tena: 14.2. Kwenye magari mengi, alteneta inayofanya kazi hutoa kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. "Alteneta yako haina neno," akasema. Vipimo viwili, dakika tano, nikawa nimeokoa bei ya alteneta.

Umeme unaingia vizuri, basi unatorokea wapi? Akafungua waya wa hasi wa betri na kuiweka mita katikati, ili umeme wote unaotoka upitie humo, akafunga milango, tukasubiri. Usiruke hatua ya kusubiri. Kompyuta za gari hazilali mara tu unapozima. Nyingine huchukua hata nusu saa. Gari lililolala linatakiwa kula chini ya miliampea 50. Langu lilikuwa linakula zaidi ya 400. Akaanza kuchomoa fyuzi, moja baada ya nyingine, mpaka alipochomoa ya taa za ndani, na namba kwenye mita ikaporomoka.

Taa za ndani zote zilikuwa zimezima, tulikuwa tunaziona kupitia vioo. Isipokuwa moja tu ambayo hakuna anayeiona buti likiwa limefungwa: taa ya buti. Nikawasha kamera ya simu, nikailaza ndani ya buti, tukafunga, tukahesabu hadi kumi. Tulipoitazama video, humo ndani kulikuwa kweupe kama mchana. Kiswichi cha plastiki kinachobonyezwa na mlango wa buti kilikuwa kimevunjika ncha.

Hesabu yake inachekesha kama gari si lako. Taa ya wati 5 kwenye volti 12 hula takriban ampea 0.4. Kutoka Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumatatu saa 12 asubuhi ni saa 60, yaani kama ampea-saa 25. Betri yangu ilikuwa ya ampea-saa 45. Zaidi ya nusu ya betri ilikuwa inateketea kulimulikia tairi la akiba. Katikati ya wiki sikuona kitu kwa sababu kila siku naendesha, na alteneta inarudisha kilicholiwa usiku. Betri mpya nayo ilistahimili wiki mbili kwa upya wake tu. Dawa ilikuwa kiswichi kimoja kidogo kuliko kidole gumba.

Ukiwa na mita hata ya bei ya chini kabisa, vipimo vile viwili vya volti unaweza kuvifanya mwenyewe. Na kabla ya mita kuna macho: tazama vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani umeganda pale, umeme haupiti sawasawa hata betri ingekuwa imetoka kiwandani jana. Fungua, safisha kwa maji yenye magadi soda, kausha, kaza. Ukifungua anza na waya wa hasi, ukirudisha malizia na huohuo wa hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona cheche ambazo hutazisahau.

Linachemsha, lakini linachemsha lini?

Gari la pili lilikuwa linachemsha. Si kila siku. Siku za foleni. Mshale wa joto unakaa katikati, nasimama kwenye foleni dakika kumi, unaanza kupanda polepole kama mtu anayepanda ngazi akiwa na mzigo kichwani.

Fundi wa kwanza alitoa themostati akaitupa. "Hiki kinaziba maji tu." Ushauri huu nimeusikia kwa mafundi wengi mno, na wengi wanautoa kwa nia njema. Themostati kweli huziba maji, ndiyo kazi yake: huyazuia mpaka injini ifike joto la kazi, kwenye magari mengi ni kati ya nyuzi 80 na 90 na ushee, ndipo inayafungulia yaende kupozwa kwenye rejeta. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto, kompyuta inadhani bado ni baridi na inaendelea kumwaga mafuta mengi, na oili haifiki joto la kuikausha unyevu. Matokeo kwangu: gari liliendelea kuchemsha kwenye foleni, na sasa likawa linakunywa mafuta kuliko zamani. Tatizo moja nimelilipia yakawa mawili.

Fundi wa pili aliniuliza swali ambalo lilitakiwa kuwa la kwanza: linachemsha ukiwa umesimama au ukiwa kwenye mwendo? Nikamwambia nikisimama, kwenye barabara kuu halina shida kabisa. Akatabasamu. Gari likiwa kwenye mwendo, upepo wa barabara unaipoza rejeta. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni. Kwa hiyo linalochemsha foleni na kupoa likienda, mtuhumiwa wa kwanza ni feni. Linalofanya kinyume, yaani foleni halina neno ila ukilikimbiza au ukipanda mlima mshale unapanda, hapo tazama rejeta iliyoziba ndani, pampu ya maji iliyochoka, au kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, iliyopungua.

Akawasha AC. Kwenye gari kama lile feni inatakiwa izunguke mara moja. Kimya. Akafungua sanduku la fyuzi, akachomoa rilei ya feni, yaani kiswichi cha umeme kinachoiwasha, akachomoa na ya honi iliyofanana nayo kwa namba, akaziweka moja mahali pa nyingine. Feni ikazunguka, honi ikafa. Sikuhitaji kumuuliza amejuaje. Tulinunua rilei moja, na themostati mpya ya kuziba pengo la ile iliyotupwa.

Kovu nililonalo kwenye mkono wa kulia ni la kipindi hicho pia. Nilifungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Mfumo ule hufanya kazi kwa mgandamizo. Kifuniko hubana kiasi cha kama bar 1 zaidi ya hewa ya nje, na kwa mgandamizo huo maji hayachemki kwa nyuzi 100 bali kama 120. Ukikifungua, mgandamizo unaondoka ghafla, na maji yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke usoni pako. Subiri mpaka bomba la juu la rejeta uweze kulishika kwa mkono bila kuliachia.

Mshale ukianza kupanda ukiwa njiani, zima AC na fungua hita ya ndani mpaka mwisho. Utaoga jasho, ila hita ni rejeta ndogo na inaondoa joto kwenye injini. Usipoona nafuu mara moja, egesha na uzime. Usimwagie injini maji baridi. Na usijidanganye kwamba "nyumbani si mbali". Kilomita chache hizo ndizo zinazopinda silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, na kuunguza hedi gasketi inayoziba chini yake, na hapo hatuzungumzii tena rilei.

Ukishaambiwa "hedi gasketi imeungua," hapo ndipo swali la "umejuaje" lina thamani kuliko mahali pengine popote, kwa sababu kazi yake ni kufungua nusu ya injini. Dalili zipo: kulanti inapungua na hakuna panapovuja, mapovu yanatoka kwenye rejeta injini ikiwaka, oili imegeuka rangi ya maziwa, eksozi inatoa moshi mweupe mzito hata injini ikishapata moto. Na kipo kipimo chenyewe: kichupa chenye maji ya buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta. Moshi wa silinda ukiwa unapenya kwenye maji, ile buluu hugeuka njano. Fundi akikwambia hana kichupa hicho, mtafute aliye nacho kabla hujakubali hedi yako ifunguliwe.

Kuhusu maji ya bomba kwenye rejeta: yanaacha ukoko mweupe ndani kama ule wa birika, na mwisho mirija inaziba. Weka kulanti iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kama ni ya kuchanganya, changanya na maji yaliyokenekwa.

Taa ya injini haitaji spea

Ile taa ya njano yenye umbo la injini imewafilisi wengi, mimi nikiwemo. Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli za 1996, na ya petroli Ulaya kuanzia 2001, yanatakiwa kuwa na soketi moja ya aina moja, kwa kawaida chini ya usukani, ambayo mashine yoyote ya kupimia inaweza kusoma namba za hitilafu. Ni jambo zuri sana. Ubaya unaanza pale namba inapochukuliwa kama orodha ya manunuzi.

Yangu ilisoma P0171. Mpimaji akasema, "Sensa ya oksijeni." Nikanunua sensa ya oksijeni. Taa ikazimwa kwa mashine, siku nne baadaye ikarudi, namba ileile. Sasa P0171 inasema nini hasa? Inasema mchanganyiko ni mwepesi: hewa imezidi mafuta. Basi. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa taarifa, na mimi nikamfukuza mleta habari kazi. Hewa ilikuwa inaingilia kwenye bomba la mpira lililo kati ya sensa ya hewa na injini. Lilikuwa na ufa upande wa chini, mahali ambapo huuoni mpaka ulikunje kwa mkono. Hewa iliyopita kwenye ufa haikuhesabiwa na sensa, kompyuta ikaleta mafuta ya hewa iliyohesabiwa tu. Bomba jipya, taa ikazima, haijarudi.

Kwa hiyo ukipimiwa gari, omba namba yenyewe, iandike, halafu uliza inaweza kusababishwa na nini na nini, na tuanze kupima kipi. Jambo jingine moja tu kuhusu taa hii: ikiwaka na kutulia, una muda wa kufika gereji. Ikiwa inawaka na kuzima, inapepesa, maana yake injini inamisi vibaya, yaani kuna silinda isiyochoma mafuta yake, na mafuta yasiyoungua yanaingia kwenye eksozi na kuua kichujio cha moshi, ambacho ni miongoni mwa spea ghali za gari. Ondoa mguu kwenye mafuta, egesha.

Masikio

Nilikuwa na tabia ya kuongeza sauti ya redio. Breki zilipoanza kulia kama filimbi nyembamba, niliongeza redio. Filimbi ile imewekwa makusudi kwenye pedi nyingi: ni kibati kidogo kinachoanza kukwaruza diski pedi zikibaki nyembamba, kukupa taarifa mapema. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hadi 12. Ikifika 3, badilisha. Mimi nilisubiri mpaka filimbi ikageuka mkwaruzo wa chuma kwa chuma, na nikabadilisha pedi pamoja na diski.

Sauti nyingine ninazozijua sasa kwa majina: tak-tak-tak ukikata kona kali huku unaongeza mafuta, ni jointi ya nje ya shafti, mara nyingi baada ya mpira wake kupasuka na grisi kumwagika. Mngurumo unaokua na mwendo na kubadilika ukiyumba kushoto au kulia, ni bearingi ya tairi. Kugonga kwenye mashimo madogo kunaweza kuwa bushi, boljointi, lingi za stebilaiza, shokapu, orodha ni ndefu, na hapa pia usikubali kununua vyote. Gari linapigwa jeki, tairi linatikiswa juu na chini, kisha kushoto na kulia, na kilicholegea kinaonekana kwa macho. Mwambie fundi akuoneshe. Anayejua kazi yake hukuonesha kwa fahari.

Sisi wenye magari nasi tuna lawama

Kwa miaka mingi nilikuwa naingia gereji na jibu mkononi. "Niwekee plagi mpya." "Badilisha pampu ya mafuta." Fundi atafanya nini? Anaweka. Gari lisipopona nalalamika, wakati mimi ndiye niliyeandika dawa. Siku hizi nasema ninachokiona tu: linamisi asubuhi likiwa baridi, likipata moto linatulia, limeanza wiki mbili zilizopita baada ya kujaza mafuta. Sauti nairekodi kwa simu, maana gari lina aibu ya ajabu: likifika mbele ya fundi linanyamaza. Nikiweza, namwomba tuzunguke naye kidogo, yeye akiwa kwenye usukani.

Pia nadai spea ya zamani kila inapobadilishwa. Sina shida na fundi. Nataka kuiona ilivyoharibika. Na nina daftari kwenye kisanduku cha dashibodi, tarehe, kilomita, kilichofanyika. Daftari hilo limenishindia ubishi zaidi ya mara moja.

Kulipia upimaji peke yake bado kunawachoma watu. "Amenitoza na hajarekebisha chochote!" Yule fundi umeme wa mita alinitoza kwa muda wake, na alistahili. Ukikataa kulipia kichwa cha fundi, atajilipa kwenye spea.

Vitu ambavyo siulizi

Sasa kuna upande wa pili, na rafiki yangu mmoja aliujua vibaya. Yeye alichukua swali langu akalitumia kila mahali, hata pasipofaa. Vipo vitu ambavyo havitoi dalili. Vinakufa, halafu ndipo unajua. Hivyo vinabadilishwa kwa kilomita au kwa umri.

Matairi ni mojawapo. Ubavuni kuna alama ya DOT na mwisho wake tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na mpira wake umekauka. Upepo pima matairi yakiwa baridi, kwa namba iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, si ile kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Ile ni kikomo. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewani kimyakimya: aina iitwayo DOT 4 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, ikishanyonya unyevu kikomo kinaweza kushuka hadi 155, na ukishuka mteremko mrefu pedali inazama. Kila miaka 2, badilisha. Oili ya injini usisubiri iwe nyeusi wala usishtuke ikiwa nyeusi, rangi haikwambii kitu. Fuata kilomita za kitabu, na kila wiki mbili pima kimo chake gari likiwa sehemu tambarare.

Ila mfalme wao ni mkanda wa taimingi, ule unaozifanya valvu zifunguke na kufunga kwa kufuata mwendo wa pistoni. Si kila gari linao, mengi yana cheni. Yenye mkanda mara nyingi hutaka ubadilishwe kati ya kilomita 90,000 na 100,000, au kwa miaka iliyoandikwa kitabuni. Kwenye injini nyingi, ukikatika injini ikizunguka, pistoni zinakutana na valvu. Rafiki yangu alimuuliza fundi wake, "Umejuaje kama umechoka?" Fundi hakuwa na jibu, kwa hiyo hakubadilisha. Gari lake lilizimika kwenye mwendo, kimya kabisa, bila hata mkwaruzo. Valvu nane zilipinda.

Gari langu la sasa nililinunua likiwa na kilomita 118,000 na bila karatasi yoyote ya matengenezo. Wiki ya kwanza nililipeleka likabadilishwe mkanda, pamoja na pampu ya maji inayozungushwa nao, kwa sababu ufundi wa kufika pale ni uleule. Sikumuuliza fundi chochote. Alipoutoa aliukunja kwa nyuma kati ya vidole viwili, nyufa zikafunguka katikati ya kila jino, akanikabidhi bila neno.

Mkanda huo ninao hadi leo kwenye buti. Na ndiyo, nimeshaweka simu humo na kufunga: taa inazima.